Kwa nini mhimili wa logi haubadilishi jibu la SLOPE?

Sensa za Uganda zilihesabu watu milioni 16.7 mwaka 1991, milioni 24.2 mwaka 2002, milioni 34.6 mwaka 2014 na milioni 45.9 mwaka 2024. Zichore kwenye lahajedwali: nukta zinapinda kwenda juu. Wengi hapo huchagua kipimo cha logi (logariti: kila hatua sawa ya mhimili ni kuzidisha, si kujumlisha) kwenye mhimili wima, nukta zikakaribia kunyooka, kisha huandika fomula ya SLOPE, inayokokotoa mteremko wa mstari ulionyooka unaozifuata namba kwa karibu zaidi, wakitarajia kasi ya ongezeko kwa asilimia. Jibu linatoka 0.88.

Hiyo si asilimia. Ni watu milioni 0.88 kwa mwaka, jibu lile lile ambalo ungepata kabla ya kugusa chati. Kipimo cha logi ni miwani: umeivaa wewe, fomula haikuivaa. SLOPE husoma seli, na ndani ya seli bado mna 16.7 na 24.2. Hata mstari wa mwelekeo wa kawaida ukiuongeza kwenye chati hiyo utapinda, maana umekokotolewa kwa namba zenyewe ukachorwa kwenye mhimili uliobanwa juu. Programu haijakosea.

Kinachotakiwa ni safu mpya. Miaka ikiwa A2 hadi A5 na watu B2 hadi B5, andika =LN(B2), yaani logi asilia ya B2, kwenye C2, buruta hadi C5. Utaona 2.815, 3.186, 3.544 na 3.826. Sasa =SLOPE(C2:C5,A2:A5) inatoa 0.0306. Logi zitangulie, miaka ifuate; ukizigeuza, jibu si hilo.

Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Idadi ikizidishwa kwa kiwango kile kile kila mwaka, logi yake hupanda hatua zilizo sawa, na mteremko ndio hatua hiyo. EXP hurudisha nyuma kazi ya LN, hivyo =EXP(0.0306)-1 inakupa 0.031, yaani asilimia 3.1 kwa mwaka. Gawa 0.693, ambayo ni LN ya 2, kwa 0.0306 upate muda wa idadi kuongezeka maradufu: karibu miaka 23. Na kweli, kati ya 1991 na 2014 milioni 16.7 zilifika 34.6, jambo linalopendeza sana kuliona. Ukitumia LOG10 (logi ya kizio 10) badala ya LN utapata mteremko wa 0.0133, nayo uizidishe kwa 2.303, ambayo ni LN ya 10, kwanza.

Ila nukta nne ni chache, na sensa hazikufanyika mwezi mmoja: Januari 1991, Septemba 2002, Agosti 2014, Mei 2024. Ukiandika miaka kwa desimali, mteremko unashuka hadi 0.0303. Ukipima vipande kwa miaka hiyo ya desimali, 1991 hadi 2002 ni 0.0318, na 2014 hadi 2024 ni 0.0291 tu.