Kushindwa kimyakimya kwa make: maana yake kwa anayejenga kerneli

Umemtuma mtoto mashineni na debe la mahindi. Anarudi, unamuuliza, "Umefika?" Anakujibu, "Nimefika, mama." Unabandika maji ya ugali. Maji yanatokota, unafungua mfuko, na mahindi yako vilevile, punje kwa punje, maana kule mashineni umeme ulikuwa umekatika. Mtoto hakusema uongo. Aliulizwa kama amefika, akajibu alichoulizwa.

Anayejenga kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, hukutana na jambo hilohilo kupitia `make`, programu inayoendesha amri za ujenzi. Anaandika amri, mistari inapita kwenye skrini, hakuna neno la kosa, kisha anawasha alichojenga na skrini inabaki nyeusi. Huko ndiko kushindwa kimyakimya: kazi imekwama, lakini habari ya kukwama haikumfikia aliyeiagiza. Hii ni tofauti na kosa la kawaida. Kosa la kawaida hupiga kelele, hutaja faili na namba ya mstari, nawe unakwenda moja kwa moja palipoharibika. Hapa mahali pa kuanzia hapaonekani, na vijana wengi hukata tamaa wakidhani hawaijui lugha ya C, kumbe C yao haina tatizo lolote.

`make` iliandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell Labs, Marekani. Chanzo chake ni mwenzake mmoja kazini aliyepoteza asubuhi nzima akisaka kosa kwenye programu ambayo tayari ilikuwa sahihi. Kosa alikwisha lirekebisha, ila lile faili hakulikompaili upya, yaani kuligeuza liwe lugha ya mashine, hivyo akawa anajaribu kitu cha zamani. Feldman akatengeneza chombo cha kukumbuka kwa niaba ya mtu: kipi kimebadilika, na kipi kijengwe tena kwa sababu hiyo. Maelekezo huwekwa kwenye faili liitwalo Makefile.

Ili kufanya kazi hiyo, `make` hutegemea mambo mawili tu. La kwanza ni saa: kama `kernel.c` (maandishi ya programu) imeguswa baada ya `kernel.o` (matokeo ya kuikompaili) kutengenezwa, basi `kernel.o` imepitwa na wakati na ijengwe upya. La pili ni namba ya kuaga. Kila amri ikimaliza huacha namba. Sifuri maana yake mambo yamekwenda vizuri, namba nyingine yoyote maana yake kuna shida. `make` haifungui faili kuangalia kilichomo. Haijui kerneli ni nini. Ikipata sifuri na tarehe zikikaa sawa, kwake kazi imekwisha. Kwa hiyo ukimya huu huzaliwa pale namba inapopotea njiani au pale saa inapopotosha, na ukishalijua hilo, msako umepungua nusu.

Namba hupotea kirahisi kuliko watu wanavyofikiri. Chukua mstari huu, ambao nimeuona kwa wanafunzi zaidi ya mara moja:

`cat boot.bin kernel.bin | dd of=os.img`

`cat` husoma mafaili na kuyaunganisha, `dd` huandika matokeo. Nia ni kuunganisha programu ndogo ya kuamshia kompyuta na kerneli yenyewe, viwe faili moja la diski. Sasa tuseme `kernel.bin` haipo. `cat` inashindwa, inaacha namba 1. Lakini kwenye bomba, yaani ile alama ya `|`, sheli (programu inayopokea na kuendesha amri) huchukua namba ya amri ya mwisho peke yake, na `dd` imepokea ilichopewa ikakiandika salama. Inaaga kwa sifuri. `os.img` ipo, ina tarehe mpya, na ndani yake kuna baiti 512 tu za `boot.bin`. BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, inasoma sekta hiyo ya kwanza ya diski, inaona baiti mbili za mwisho ni 55 na AA kama inavyotakiwa, inaipakia kwenye anwani 0x7C00 na kuikabidhi usukani. Programu hiyo ndogo inakwenda kutafuta kerneli kwenye sekta zinazofuata, haikuti kitu. Chini yake hakuna mfumo endeshi mwingine wa kuandika kosa. Ndiyo maana kwenye kerneli ukimya huuma kuliko kwenye programu za kawaida: kinachokosekana ndicho ambacho kingetoa taarifa.

Dawa ya bomba ni kuweka juu kabisa ya Makefile `SHELL := /bin/bash` na chini yake `.SHELLFLAGS := -o pipefail -c`. Hapo bomba zima huhesabika limeshindwa ikiwa amri yoyote ndani yake imeshindwa. Ongeza pia mstari wa `.DELETE_ON_ERROR:`, ili faili lililotengenezwa nusu lifutwe pale amri inapokwama. Bila huo, faili bovu hubaki na tarehe mpya, na ukiita `make` mara ya pili, inaliona jipya na kuliacha.

Kuna kistari pia. Amri ikitanguliwa na `-`, `make` hupuuza kushindwa kwake. Kilikusudiwa mambo kama kufuta faili ambalo huenda halipo. Mtu akikiweka mbele ya amri ya kuunganisha kerneli ili "isisumbue", kosa huandikwa kwamba limepuuzwa, lakini limefunikwa na mistari mia moja, nani atalisoma? Ndugu yake ni `|| true` mwishoni mwa amri, inayolazimisha namba iwe sifuri. Na wa tatu ni kitanzi cha `for` kinachopita folda moja baada ya nyingine na kuita `make` ndani ya kila moja: folda ya kwanza ikianguka na ya mwisho ikasimama, namba inayorudi ni ya ile ya mwisho. Weka `|| exit 1` ndani ya kitanzi. Mimi kila Makefile ninayoletewa huanza kwa kutafuta haya matatu kabla ya kusoma mstari mmoja wa C.

Upande wa saa una mitego yake. Ukiwa na lengo (kitu ambacho `make` imeagizwa kukijenga) linaloitwa `boot`, lisilotegemea faili lolote, na ndani ya mradi kuna folda inayoitwa `boot`, `make` huiona folda, husema `'boot' is up to date`, na haifanyi chochote. Itangaze chini ya `.PHONY`, orodha ya malengo yasiyo mafaili. Mtego mkubwa zaidi ni mafaili ya `.h`, yenye maelezo yanayosomwa na mafaili mengi ya C kwa pamoja. Umeandika kwamba `kernel.o` inategemea `kernel.c`, ukasahau kwamba inasoma pia `memory.h`. Unabadilisha ukubwa wa muundo fulani ndani ya `memory.h`, faili moja linakompailiwa kwa ukubwa mpya, jingine linabaki na wa zamani, na vyote vinaunganishwa bila mnung'uniko. Kerneli inawaka, inasoma kumbukumbu mahali pasipo pake, kompyuta inajizima na kuwaka upya, tena na tena. Mpe `gcc`, programu ya kukompaili C, swichi za `-MMD -MP` ikuandikie yenyewe orodha za utegemezi, kisha uziingize kwenye Makefile kwa `-include`.

Ili kuifanya `make` iseme, `make -n` huonyesha ambacho ingefanya bila kukifanya, na `make --trace` hueleza kwa nini kila lengo linajengwa. Kwenye kerneli ya Linux, ambako kwa kawaida huoni ila maneno mafupi kama `CC` na `LD`, andika `make V=1` uone amri zote, au `V=2` uelezwe sababu ya kila ujenzi. Angalia pia ukubwa wa faili kwa `ls -l`. Kerneli yenye baiti sifuri imekwisha jieleza. Ukitaka kuhifadhi maandishi, tumia `make > jengo.txt 2>&1`. Wengi huandika `make | tee jengo.txt`, wakisahau kwamba hilo nalo ni bomba, na namba watakayoiona ni ya `tee`, inayonakili tu maandishi kwenye faili.

Hapa Mbeya nimekutana na sura moja ambayo vitabu haviigusi sana. Kijana jirani yangu ana kompyuta ya mezani ya mtumba, betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi 2009. Jioni moja mwezi wa saba, baridi imeshuka, umeme ukakatika na kurudi. Akawasha, hana bando, hivyo saa haikujirekebisha kwa intaneti. Akasahihisha `kernel.c`, akaita `make`. `make` ilimwonya kwamba saa haiendani na mafaili na kwamba huenda kazi haikukamilika. Akaona ni onyo tu, akapita. Kesho yake akanunua bando, saa ikakaa sawa, onyo likatoweka. Hapo ndipo ukimya kamili ulipoanza, maana `kernel.c` yake ilikuwa na tarehe ya 2009 na `kernel.o` tarehe ya mwaka huu. Kila alipoita `make`, `kernel.o` iliachwa ilivyo. Alihangaika siku mbili akifuta na kuandika upya mistari ya faili jingine, akinigongea mlango usiku, "Kaka, hii kitu inanionea."

Tulipoandika `ls -l --full-time` na kuziweka tarehe mbili bega kwa bega, hakuhitaji maelezo. `touch kernel.c`, kisha `make`, na maneno yake mapya yakatokea ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Betri ni ile ya CR2032, duara kama sarafu. Aliinunua Mwanjelwa asubuhi yake, na sasa huandika `date` kabla ya kugusa kitu kingine chochote.