Usimalize kesi kwenye jina la filamu

Wanafunzi wanaoniletea miswada ya filamu za upelelezi huwa wamehangaika na kisa kwa wiki nyingi, kisha jina wanalipachika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Ndiyo maana napokea "Siri ya Bweni", "Kifo cha Utata", "Nani Muuaji?". Yanasikika vizuri, ila yanaweza kukaa juu ya filamu yoyote ya aina hiyo. Mtu anayepitia ratiba ya tamasha iliyojaa filamu fupi atayapita tu.

Kwangu mimi, jina la filamu ya upelelezi ni kidokezo cha kwanza. Mtazamaji hukutana nalo kabla ya maiti na kabla ya mpelelezi, na kuanzia hapo macho yake yana kitu cha kutafuta. Basi, mnataka atafute wapi?

Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi kutoka Zanzibar, alilijua hilo mapema. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka mwaka 1960, inakupeleka moja kwa moja kwenye hofu ya mizimu, huku mpelelezi wake, Bwana Msa, akimsaka binadamu. Jina halidanganyi, kwa sababu mzimu wenyewe upo kwenye kisa. Linakuelekeza tu upande ambao jibu halipo. Katika sinema ya Marekani, Chinatown ya 1974 inafanya jambo jingine: mtaa wenye jina hilo unatajwatajwa kama jeraha la zamani la mpelelezi, na tunafika huko mwishoni kabisa, jina likiwa limeshatutia wasiwasi muda wote.

Sasa tuchukue kisa cha chuoni. Fedha za chama cha wanafunzi zimeibwa ofisini, kufuli ni zima, mlinzi anaapa hakuna mgeni aliyepita bila kuandikishwa. Mwishoni inajulikana kuwa mtunza stoo alichongesha ufunguo. Ukiiita "Ufunguo wa Pili", umefunga kesi kwenye bango. Ukiiita "Mlinzi", mtazamaji mzoefu atamtoa mlinzi kwenye orodha ya washukiwa hapo hapo. "Zamu ya Usiku" ina afadhali, lakini haina kitu cha kushika.

Mimi ningeiita "Daftari la Getini". Kamera ikipita juu ya lile daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, mtazamaji atasoma kila jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Atamshuku aliyeingia saa mbili usiku na hakuandika saa ya kutoka. Mtunza stoo hayumo humo, kwa kuwa mfanyakazi haandikishwi getini. Jibu limekaa wazi tangu mwanzo, na hakuna atakayelalamika kuwa amedanganywa. Jina la namna hiyo hulipati kwa kukuna kichwa. Rudi kwenye muswada, andika kila kifaa kinachoshikwa na mhusika, kisha tazama kipi kinabadilika maana baada ya tukio la mwisho.

Mengine ni ya kiutendaji. Maneno mawili au matatu yanatosha, tena yasomeke kwenye picha ndogo ya simu. Litafute YouTube kabla ya kuchapisha bango; likileta filamu lukuki, badilisha. Na kama filamu ni ya dakika kumi, jina liingie baada ya tukio la kwanza, mara tu mlinzi anapolifunika daftari.