Je, Wajua? Mchezo wa Video Uliofutwa Kabla ya Kutolewa Huponaje?

Katika vibanda vya gemu vya Mwanga, hapa Kigoma, vijana wanaosubiri zamu ya padi hawakosi hoja, na mojawapo ya hoja zinazorudi mara kwa mara inahusu michezo iliyotangazwa kwa kishindo, picha zake zikaonyeshwa, kisha isitoke kamwe. Huenda wapi? Jibu linalotolewa kwa uhakika ni kwamba mchezo upo, kampuni imeufungia kabatini, na siku ikitaka pesa itautoa. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa kuwa mwenye mali ndiye anayetarajiwa kuitunza. Hata hivyo, ukifuatilia michezo iliyofutwa ambayo leo watu wanaweza kuicheza, utakuta kwamba mingi haikuokolewa na kampuni zilizoitengeneza. Iliokolewa na nakala zilizopotea njia, pamoja na watu waliowahi kuzisoma kabla hazijafutika zenyewe.

Sababu za mchezo kufutwa hazina fumbo kubwa: fedha huisha, kampuni hununuliwa, kazi huonekana haitauzika, au mashine mpya hukaribia kuingia sokoni na kuufanya mchezo wa mashine ya zamani uonekane umepitwa. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyoukumba mchezo wa Star Fox 2 wa Nintendo, uliokuwa umekwisha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1990 lakini ukawekwa kando kwa sababu Nintendo 64 ilikuwa njiani. Huo ndio mfano unaowapa nguvu wanaoamini habari ya kabati, na ni haki kuutaja kwanza: toleo lake kamili lilibaki mikononi mwa kampuni, nayo ikalitoa rasmi mwezi Septemba 2017, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Tatizo ni kwamba mfano huo si kanuni. Kwa muda mrefu kampuni za michezo ziliiona kazi iliyofutwa kama hasara iliyokwisha kuandikwa vitabuni, na hasara haitengewi chumba. Ofisi zilipohama, kompyuta zilifutwa ili zitumike kwa mradi mwingine. Kampuni zilipofilisika, vifaa vyake viliuzwa pamoja na meza na viti. Wala uzembe huo haukuishia kwenye michezo iliyofutwa. Kampuni ya Konami ya Japani ilipotaka kutoa upya michezo miwili ya Silent Hill mwaka 2012, waliopewa kazi hiyo walilazimika kuanzia kwenye programu ambayo haikuwa ya mwisho, kwa kuwa programu chanzo kamili, yaani maandishi ya amri ambayo mchezo hujengwa kutoka kwayo, ya michezo iliyouzwa duniani kote haikuwa imehifadhiwa. Ikiwa mchezo ulioingiza fedha unaweza kupotezwa na mwenyewe, mchezo ambao haukuingiza hata senti hauna mtetezi ndani ya ofisi ile.

Basi nakala hupona kwa njia za pembeni. Njia moja ni waandishi wa magazeti ya michezo, ambao walitumiwa nakala za kuandikia maoni kabla ya mchezo kutoka. Mwaka 1995 wachekeshaji wa Marekani, Penn na Teller, walikuwa na mkusanyiko wa michezo ya mashine ya Sega CD ambao haukutolewa kwa sababu kampuni iliyokuwa iuuze ilifunga milango. Miaka kama 10 baadaye nakala moja ya aina hiyo, iliyokuwa imetumwa kwa mwandishi, ikajitokeza, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa ajabu uitwao Desert Bus: mchezaji anaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 halisi, bila abiria wala msongamano, huku basi likivuta upande mmoja kila wakati hivi kwamba usukani hauwezi kuachwa. Tangu mwaka 2007 watu huucheza kila mwaka kukusanya fedha za watoto wagonjwa. Laiti mwandishi yule angeitupa diski yake, leo mchezo huo ungekuwa jina tu.

Njia nyingine ni familia za watengenezaji. Chris Oberth, mtengenezaji wa michezo wa Marekani, alifariki mwaka 2012 na kuacha diski laini za kazi zake. Mwaka 2020 Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hii, ilitangaza kwamba katika vitu hivyo mlipatikana programu chanzo ya mchezo wa Days of Thunder wa mashine ya NES, ambao ni tofauti na ule uliowahi kuuzwa kwa jina hilohilo. Ulijengwa upya kutoka humo na kutolewa kwa ridhaa ya familia. Mara nyingine hata maktaba huokoa bila kukusudia. Mwaka 2014 mtumishi wa Maktaba ya Congress ya Marekani, alipokuwa akihesabu michezo iliyopokelewa, alikuta diski ya Duke Nukem: Critical Mass ya PSP, mashine ya mkononi, toleo ambalo halikutoka, na ndani yake hamkuwa na mchezo tu bali programu chanzo yenyewe.

Kupatikana kwa nakala, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo ninayoiona ya kustaajabisha zaidi. Fundi mmoja wa redio na televisheni katika soko la Mwanga alinionyesha mezani pake vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kaseti ya gemu ya bei nafuu, ya zile za manjano zilizojaa madukani enzi zile. Alipoifungua, palikuwa na ubao mdogo wa kijani na tone moja jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu. Cha pili kilikuwa chipu ndefu kutoka kwenye mashine ya zamani, yenye miguu pande zote mbili na, juu yake, stika iliyochakaa. Nilipotaka kuibandua akanizuia: “Acha hiyo stika, kaka. Ukiianika juani, mashine itasahau kazi yake.” Chini ya stika kulikuwa na kidirisha cha kioo.

Chipu hiyo ya pili huitwa EPROM, na tofauti yake na ile ya chini ya gundi ndiyo kiini cha suala lote. Mchezo unapoidhinishwa kuuzwa, data zake huchongwa kiwandani ndani ya chipu kama sehemu ya umbo lake. Hakuna kinachoweza kuvuja. Lakini kabla ya idhini hiyo watengenezaji huhitaji chipu inayoweza kuandikwa, kujaribiwa, kufutwa na kuandikwa tena, na hiyo ndiyo EPROM. Mchezo uliofutwa haukufika kiwandani. Kwa hiyo si kwamba nakala zake ni chache tu. Nakala hizo chache zilibaki kwenye kitu ambacho hakikukusudiwa kudumu. Ndivyo ilivyo pia kwa diski: zinazouzwa hukandamizwa kiwandani, ilhali za majaribio huchomwa kwenye tabaka la rangi ambalo huharibika kadiri miaka inavyopita.

Ndani ya EPROM kuna vijumba vidogo mno vilivyozungukwa na tabaka jembamba lisilopitisha umeme. Kuandika ni kusukuma elektroni, yaani chembe za umeme, ndani ya kijumba kwa umeme wenye nguvu kuliko ule wa kawaida wa kazi. Kijumba chenye elektroni za kutosha husomwa kuwa 0, na kilicho kitupu husomwa kuwa 1. Chipu ya aina ya 27C010 ina vijumba 1,048,576. Vichukulie kuwa ni mitungi ya udongo iliyopangwa safu, mingine imejazwa maji na mingine imeachwa mitupu, na msomaji anapita akichungulia kama maji yamefika alama iliyochorwa ndani. Mtungi wa udongo hutoka jasho. Hakuna aliyeuvunja wala kuchota, lakini maji hupungua, na joto likizidi hupungua upesi. Miaka mingi ikipita, maji ya baadhi ya mitungi hukaribia alama yenyewe, na hapo msomaji huanza kubabaika: safari hii anasema umejaa, safari ijayo anasema ni mtupu, ingawa hakuna kilichoguswa.

Ndiyo maana waokoaji hawasomi chipu mara moja na kuridhika. Huisoma tena na tena na kulinganisha, kwa kukokotoa namba ya utambulisho wa data yote, ambayo hubadilika kabisa hata kama kijumba kimoja tu kimebadilika. Namba zikitofautiana, wanajua kuna mitungi iliyo mpakani. Dawa mojawapo ni kupunguza kidogo umeme wa kusomea, jambo linaloteremsha alama, ili mtungi uliovuja kiasi bado uhesabiwe kuwa umejaa. Mtungi uliokauka hauna dawa. Kilichopotea humo hubaki kukisiwa kutokana na majirani zake, au kuchukuliwa kutoka nakala nyingine ikiwa ipo. Kijumba kimoja kilichopotea kwenye picha kinaweza kuwa nukta ya rangi isiyo sahihi, lakini kikiwa kwenye amri za programu kinaweza kuukwamisha mchezo mzima.

Kidirisha nacho kiliwekwa makusudi, kwa kuwa mionzi ya urujuanimno huzipa elektroni nguvu ya kutoka. Taa maalumu hufuta chipu kwa dakika 15 hadi 20. Maelezo ya watengenezaji yalitahadharisha kwamba jua la moja kwa moja laweza kuifuta kwa takriban wiki moja, na mwanga wa taa za chumbani kwa takriban miaka 3. Kipande cha karatasi yenye gundi, kwa hiyo, ndicho kilichosimama kati ya mchezo na kutokuwepo kwake. Lazima niongeze kwamba si kila chipu hufa kwa ratiba: watengenezaji walizungumzia miaka 10 hadi 20, na bado nyingi za miaka ya 1980 husomeka bila kasoro.

Mfano mzuri ni SimCity ya NES. Ilionyeshwa Marekani mwanzoni mwa mwaka 1991, kisha ikatoweka, na toleo la Super Nintendo likachukua nafasi yake. Mwaka 2017 kaseti mbili za majaribio zikajitokeza, na Desemba 2018 Video Game History Foundation ikatoa nakala iliyosomwa pamoja na uchambuzi wake. Baada ya miaka 26 data ilikuwa bado inasomeka.

Kilichookolewa kisichukuliwe kuwa zaidi ya kilivyo. Kaseti ya majaribio ni picha ya siku moja ya kazi, na kesho yake mengi yangeweza kubadilishwa. Toleo la kwanza la Resident Evil 2, ambalo Capcom ililitupa na kuanza upya kabla ya mchezo kutoka mwaka 1998, lilivuja mwaka 2013, na lililovuja lilikuwa na vyumba visivyokamilika na sehemu zisizofanya kazi. Mashabiki waliojaza mapengo walifanya kazi kubwa, lakini mtafiti hana budi kutenganisha walichokikuta na walichokiongeza. Madai kwamba mchezo fulani “ulikuwa umefika asilimia 80” nayo yapokelewe kwa tahadhari, kwa maana mara nyingi hutokana na kumbukumbu za watu, na asilimia hiyo haina kipimo.

Linabaki suala la nani anaruhusiwa kuvitumia vilivyookolewa, kwani hakimiliki haifutwi pamoja na mchezo. Nchini Marekani maktaba zinaweza kuwapa watafiti programu nyingine za zamani kwa mbali, lakini michezo ya video ni lazima itumiwe ndani ya jengo la maktaba. Ombi la kulegeza sharti hilo lilikataliwa na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani mwezi Oktoba 2024. Kwa mtafiti wa Kigoma, hilo lina maana ya viza na tiketi ya ndege. Nyaraka ziko wazi zaidi: tangu Januari 2025 Video Game History Foundation imefungua maktaba ya kidijitali isiyolipiwa, yenye magazeti ya michezo zaidi ya 1,500 yasiyochapishwa tena pamoja na nyaraka za utengenezaji, na mtu aliyeko Ujiji mwenye simu na bando anaweza kusoma humo jinsi michezo ilivyotangazwa kabla ya kutoweka.