Ndege-wanawake wa Waslavi: Sirin, Alkonost na Gamayun

Katika simulizi za Waslavi wa Mashariki, hasa Warusi, ndege-mwanamke ni kiumbe mwenye kichwa cha msichana, mara nyingi kikiwa na taji, na kiwiliwili cha ndege. Makazi yake ni peponi, na nguvu zake zote zimo katika sauti yake.

Wengi humhesabu miongoni mwa miungu ya kale ya Waslavi, lakini dai hilo ni dhaifu, kwa maana njia aliyopitia inafahamika. Sirin ametokana na waimbaji wa hadithi za Kigiriki waliowavuta mabaharia kwenye maangamizi. Katika karne ya 11 na ya 12, mafundi wa Kiev walikuwa tayari wakipamba vito vya dhahabu kwa ndege wenye vichwa vya wanawake, kwa ufundi waliojifunza kutoka Bizanti, dola la Kikristo la Wagiriki. Alkonost naye ni Alcyone, mke wa Kigiriki aliyegeuzwa ndege baada ya mumewe kufa baharini; hutaga katikati ya majira ya baridi, na bahari hutulia mpaka makinda yaanguliwe. Gamayun alitoka Uajemi, ambako ndege Huma akimwangushia mtu kivuli chake, mtu huyo huwa mfalme.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni maana ya wimbo wenyewe. Katika picha za bei nafuu zilizochapwa na kuuzwa kwa watu wa kawaida, na zile zilizochorwa kwa mkono na Waumini wa Kale waliojitenga na kanisa rasmi katika karne ya 17, Sirin na Alkonost huwaimbia watakatifu habari za furaha ijayo, ilhali mtu wa kawaida akiusikia wimbo huo husahau mambo yote ya dunia, na roho yake humtoka. Ndiyo sababu baadhi ya picha huonyesha watu wakipiga mizinga na kengele ili kumfukuza Sirin. Wimbo ni uleule. Hatari imo katika udhaifu wa msikilizaji, wala si katika ubaya wa ndege.

Mgawanyo unaorudiwa sana leo, kwamba kati ya Sirin na Alkonost mmoja ni ndege wa furaha na mwenzake wa huzuni, ulienezwa kwa kiasi kikubwa na mchoro wa Mrusi Viktor Vasnetsov wa mwaka 1896, ambamo mmoja anafurahi na mwingine analia. Mwaka uliofuata, mchoraji huyohuyo alimchora Gamayun akiwa na uso wa mwanamke mwenye hofu, na sura hiyo ndiyo iliyobaki katika fikra za watu.