Maharage kwa akina mama, mahindi kwa akina baba

Miaka ya mwanzo ya kazi hii ya uwezeshaji wa mikutano niliendesha mkutano wa kijiji wa kupanga vipaumbele. Nikauliza, "Tuanze na nini?" Mzee aliyekaa mbele akasema barabara. Wa pili akaunga mkono. Kufika saa sita barabara imepita bila mpinzani, nami nimeshaiandika kwenye bango kitita. Nikiwa nafunga mzigo kwenye pikipiki, mama mmoja akanisogelea: "Mwanangu, sisi shida yetu kisima."

Tangu siku ile natembea na punje.

Hoja zikishatajwa, kila moja naichora kwenye kadi yake, ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma: ndoo ni maji, kitanda ni zahanati. Kila kadi ina kopo lake, na makopo nayapanga nyuma ya khanga iliyotundikwa kamba. Mshiriki anapewa punje 10, anapita peke yake na kuzigawa atakavyo. Akitaka zote kopo moja, sawa. Akina mama wana maharage, akina baba mahindi. Ila wakija wanawake wawili tu, usitenganishe punje, utakuwa umewaanika.

Kisha tunamwaga kopo mojamoja kwenye jamvi, wanakikundi wawili wanahesabu kwa sauti. Hapa usiwe na haraka. Kopo la kisima likimwaga maharage matupu na mahindi ya kuhesabika, nyamaza, watu waangalie. Swali langu ni moja: "Mnaona nini?" Kamwe siulizi nani kaweka wapi. Mjadala unaofuata ndio mkutano wenyewe, kwa sababu sasa hakuna mama anayebeba hoja ya kisima peke yake. Iko pale kwenye jamvi.

Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Kenya na baadaye akaeneza sana mbinu shirikishi za vijijini, alisisitiza mwezeshaji akabidhi kijiti. Kwa lugha yetu hilo halihitaji ufafanuzi.

Ofisini mzee wa mbele ni bosi, basi natumia mbinu nyingine: dakika 1 kila mtu anaandika peke yake, dakika 2 wawiliwawili, dakika 4 wannewanne, halafu dakika 5 makundi yanatoa kwa wote lile wazo lililowagusa zaidi. Bosi namwomba mapema, faraghani, aseme mwisho. Wengi hukubali. Kuimba na kurukaruka baada ya chakula cha mchana silazimishi. Kuhama kiti kumfuata mwenzako kunaamsha vya kutosha, na mtu mzima anabaki na heshima yake.

Kule vijijini siondoki na makopo. Nayaacha kwa katibu pamoja na kadi, na kikao cha pili nakaa nyuma, wanagawa punje wenyewe.