Lantana mlimani: usianze na jembe

Kiangazi kikikaribia kuisha, simu ninazopokea hufanana. Mtu ana kiwanja cha mlimani hapa Mwanza, Nyegezi, Igoma au Buhongwa, kimejaa vichaka vya lantana, na ameshapata vijana wa kuing'oa yote kwa siku chache. Anataka nimshauri apande nini baadaye. Kabla ya yote humwomba awasimamishe hao vijana.

Siitetei lantana. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ilisambazwa duniani kama ua la bustani, na sasa inameza malisho. Ng'ombe akiila anaumia ini, na ngozi yake inababuka juani. Lazima iondoke. Ninachokipinga ni jembe kwenye mteremko, hasa kwa udongo wetu huu.

Vilima vya Mwanza ni vya mawe ya granaiti, na udongo wake wa juu ni luseni, mchanga usioshikana vizuri. Sasa funua kichaka cha lantana utazame chini. Kuna majani makavu, kuna vijiti, halafu udongo mtupu. Nyasi hazipo, kwa sababu kivuli chake na kemikali zake huzuia mimea mingine kuota. Kwa hiyo ukiking'oa kichaka, hapabaki kitu cha kuipokea mvua ya vuli ila mchanga uliotifuliwa. Mizizi iliyokuwa ikiushika umeitoa mwenyewe.

Halafu kuna mawe. Jabali halinywi maji. Mvua inayolipiga huteremka mgongoni mwake na kumwagika yote pale jiwe linapokutana na udongo. Korongo huanzia hapo: kwanza kijifereji cha upana wa kidole, na baada ya mvua kubwa kadhaa mguu mzima unazama. Tena udongo huo huo ndio unaolishikilia jiwe lisiporomoke, na mlimani kwetu chini ya jiwe mara nyingi kuna nyumba ya mtu. Vichaka vilivyokumbatia mawe mimi huviacha vya mwisho kabisa, hata kama mwenye kiwanja ananung'unika.

Ninachoelekeza ni kufyeka kwa mikanda inayokata mteremko, ya mita mbili tatu, ukianzia juu. Kati ya mkanda na mkanda acha kichaka kisimame, kizuie udongo unaoponyoka. Kata shina usawa wa ardhi, mizizi ibaki. Kisiki kitachipua, na utarudi kukata machipukizi mara nyingi. Hiyo ni kazi, siifichi. Matawi yenye matunda yatenge uyachome, maana ndege husambaza mbegu. Mengine yaanike juu ya mawe hadi yakauke kabisa, ndipo uyalaze kukingama na mteremko. Ukiyalaza mabichi kwenye udongo wenye unyevu yanatoa mizizi.

Vuli ikianza, panda vetiva, nyasi ya mizizi mirefu, kwenye kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mstari usiwe na pengo. Kontua ipime kwa fremu ya A: miti mitatu, kamba na jiwe. Usikadirie kwa macho, mstari ukiinama kidogo tu unakusanya maji na kuyatoa upande mmoja. Mwenye ng'ombe aongeze matete. Mizizi iliyokatwa itaoza taratibu, hivyo nyasi ziwe zimeshika kabla haijaisha nguvu. Zikishika, ndipo ufyeke mkanda unaofuata. Wanaoniambia mchanga wetu hautunziki huwakumbusha Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichobanana watu, ambako wakulima wamejenga matuta ya mawe na kurutubisha mashamba kwa samadi kwa vizazi.

Udongo unaoponyoka mjini unaingia mitaroni, kisha Mto Mirongo, kisha ziwani. Chembe zake laini hubeba fosforasi, chakula cha magugu maji yanayotusumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa kiwanja kilichoshuka hadi ufukweni, kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hapo pitia kwa ofisa mazingira kabla ya kugusa chochote.

Na zungumza na jirani wa juu. Akifyeka kwake pote wiki ile ile unayofyeka wewe, maji yake yatapita kwako, na vetiva changa haitayahimili.