Vita vya 1812: Marekani changa ilivyojiingiza vitani

Tarehe 16 Juni 1812, jijini London, serikali ya Uingereza ililiarifu Bunge kwamba inaondoa amri zilizozibana meli za mataifa mengine zisifanye biashara na Ufaransa. Siku mbili baadaye, mjini Washington, Rais James Madison alitia saini sheria ya kuitangazia Uingereza vita, na amri hizo hizo zilikuwa miongoni mwa sababu zake kuu. Habari zilisafiri kwa meli za matanga, wiki nyingi baharini. Watu wengi wakisikia kisa hiki huilaumu bahari. Mimi naona bahari inasingiziwa, kwa kuwa makosa yalianza miaka mitano nyuma.

Uingereza ilikuwa ikipigana na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, na ilihitaji mabaharia kupita kiasi. Ilisimamisha meli za Marekani, ikawashusha waliodaiwa kuwa raia wake au watoro wa jeshi lake, na kuwatumikisha kwa nguvu. Juni 1807 manowari yake, Leopard, iliipiga mizinga manowari ya Marekani, Chesapeake, nje ya pwani ya Virginia, ikaua watu na kuondoka na mabaharia wanne. Nchi nzima iliwaka hasira. Rais wa wakati huo, Thomas Jefferson, hakutaka vita; Desemba mwaka huo alipata sheria ya kuzuia meli za Marekani kwenda bandari yoyote ya nje, akiamini Waingereza wangekosa pamba na chakula na hatimaye kusalimu amri. Walioumia kwanza ni wenye meli wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Magendo yalishamiri kupitia Kanada, iliyokuwa koloni la Uingereza, na Hazina, iliyotegemea ushuru wa forodha, ikaanza kukauka. Sheria ikafutwa mwaka 1809.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilibuni mtego uliowanasa wenyewe: kati ya Uingereza na Ufaransa, atakayeondoa vikwazo vyake kwanza, Marekani itasitisha biashara na mwenzake. Napoleon akaharakisha kutuma barua, kupitia waziri wake wa mambo ya nje, yenye ahadi iliyojaa masharti. Madison aliipokea kana kwamba imekwisha kutekelezwa, ingawa meli za Marekani ziliendelea kukamatwa na Wafaransa. Je, alidanganywa? Sidhani. Alitaka kisu cha kuwawekea Waingereza shingoni, akachukua kilichokuwa karibu. Waingereza nao walidai ushahidi kwamba Ufaransa imebadilika, na ushahidi haukuwapo.

Novemba 1811 likaingia Bunge jipya. Henry Clay wa Kentucky, mwenye miaka 34, alichaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi siku yake ya kwanza humo. Yeye na vijana wenzake walizungumzia heshima ya taifa, waliwalaumu Waingereza kwa kumpa silaha Tecumseh, kiongozi wa Washawnee aliyekuwa akiunganisha wenyeji wa asili dhidi ya walowezi, na baadhi yao waliitupia macho Kanada. Lakini tazama walivyojiandaa. Waliidhinisha askari wapya 25,000, wakakataa kujenga manowari mpya, na kodi za kugharimia vita wakazisogeza mbele. Mapema mwaka 1811 Bunge lililotangulia lilikuwa limekataa kuongeza muda wa Benki ya Marekani, kwa hiyo serikali haikuwa na benki yake ya kuikopesha. Nchi yenye manowari zisizofika 20 ilikuwa ikienda kudai haki za baharini mbele ya taifa lenye mamia. Kura zilikuwa 79 kwa 49 katika Baraza la Wawakilishi na 19 kwa 13 katika Seneti. Hakuna mwanachama hata mmoja wa chama cha upinzani cha Federalist aliyeunga mkono.

Walichokiandaa kilikuwa kitisho tu. Jefferson, akiwa amestaafu, aliandika Agosti hiyo kwamba kuitwaa sehemu kubwa ya Kanada itakuwa suala la kutembea tu. Mwezi huo huo, tarehe 16, Jenerali William Hull wa Marekani aliisalimisha Detroit, mpakani na Kanada, bila mapigano makubwa. Barua ya kumjulisha kwamba vita vimetangazwa ilikuwa imetumwa kwa posta ya kawaida! Hakuwa ameipata alipopakia nyaraka zake za kijeshi katika meli ndogo, na Waingereza wa upande wa Kanada, waliokwisha kusikia, wakaikamata.

Nafasi ya kurudi nyuma ilikuwapo. Habari za kufutwa kwa zile amri zilipofika, makamanda wa pande mbili mpakani, Prevost wa Uingereza na Dearborn wa Marekani, walikubaliana kusimamisha mapigano. Madison alikataa: suala la mabaharia, alisema, bado halijatatuliwa. Kwa ajili ya suala hilo vita vikaendelea zaidi ya miaka miwili, Agosti 1814 Ikulu yake ikachomwa moto, na katikati ya mwaka huo yeye mwenyewe akawaruhusu wajumbe wake wa mazungumzo ya amani huko Ghent, katika Ubelgiji ya leo, waliache. Mkataba uliotiwa saini 24 Desemba uliirudisha mipaka ilipokuwa, na kuhusu mabaharia haukusema neno. Napoleon alikuwa amekwisha kushindwa, na jeshi la wanamaji la Uingereza halikuwa tena na haja ya watu wengi hivyo.